Kahawa ya Ghorofa ya Tano

Mtu wa mizigo alibonyeza kengele yangu kutoka barabarani, akapaza sauti kwenye kispika cha mlangoni kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Bibi Parodi! Mzigo wako! Kilo kumi na nne, na naona hapa hakuna lifti!"

"Hakuna. Ni ngazi mia moja na nne. Karibu juu."

"Aa, mimi mwisho wangu mlangoni, bibi. Ndivyo karatasi inavyosema."

"Na mimi mwisho wangu ghorofa ya tatu, ndivyo goti linavyosema. Sasa tukutane wapi?"

Akacheka, akauacha mzigo chini ya masanduku ya barua, akaenda zake. Ulikaa pale mpaka jioni, Maribel wa ghorofa ya pili alipotoka zamu hospitalini. Maribel Quishpe kwao ni Ekwado, ni mwuguzi, na nyumba yake ameinunua kwa jasho lake. Aliubeba ule mzigo mgongoni kama gunia la viazi, akautua mezani kwangu huku akihema.

"Bibi, umeagiza injini ya meli?"

"Mashine ya kahawa. Espreso, kama ya mkahawani."

"Na ile birika yako ya jikoni imekufa?"

"Haijafa. Ila miaka hamsini nimekunywa kahawa ya saa nne mkahawani kwa Ilde, hapo chini, nimesimama kaunta, na watu. Tangu goti lifanyiwe upasuaji sijashuka. Kahawa haipandi, basi nimeipandisha."

Akauliza bei. Nikamwambia: mashine euro mia sita na tisini, ya kusagia mia mbili na kumi. Maribel akavuta kiti, akakaa polepole.

Binti yangu Ornella hakukaa. Yeye alisimama, nilisikia kwa simu viatu vyake vikizunguka sebule yake kule Alessandria.

"Mama! Euro mia tisa! Kwa Ilde kahawa ni euro moja na senti thelathini. Hizo ni kahawa mia sita tisini na mbili! Ungekunywa karibu miaka miwili!"

"Kwa Ilde ndiyo. Lakini unahesabu kahawa tu, ngazi huzihesabu."

"Na umetoa wapi hizo pesa?"

Anajua nilipozitoa. Kwenye droo, chini ya gauni la buluu la kuzikiwa, huwa kuna bahasha. Kila mwanamke wa rika langu anayo.

"Mama, hizo ni pesa za mazishi!"

"Basi sitakufa mwaka huu. Nimeahirisha."

Hakucheka. Akaniambia lile alilokuwa analizungukia tangu Krismasi: chumba kiko tayari kwake, chini, hakuna ngazi hata moja. Nyumba yangu ipangishwe. Mwanamke wa miaka sabini na tisa hawezi kukaa juu ya ngazi mia moja na nne kama njiwa, akianguka nani atajua? Nikamwomba mwaka mmoja. Akanipa mpaka mwisho wa Oktoba. "Lifti ikipita kwenye mkutano wa wenye nyumba, unabaki, wala sitatia neno. Isipopita, Mama, nakuja na gari."

Sina ubaya na Alessandria. Kuna ukungu, na watu wema. Lakini nyumba hii niliingia nikiwa bibi harusi. Mume wangu Nicolò alifia kwenye kile chumba cha upande wa bandari, na nikifungua dirisha asubuhi nasikia winchi zikifanya kazi, najua dunia bado ipo. Sikutaka kwenda.

Tatizo ni kwamba lifti tulikuwa tumeiomba mara tatu, na mara tatu ilikwama. Jengo letu limegawanywa sehemu elfu moja kwenye karatasi, kila nyumba na sehemu zake. Ili lifti ipite, wenye sehemu mia tano au zaidi waseme ndiyo. Na mikutano yetu hufanyika saa tatu usiku, kwenye ukumbi wa parokia usio na joto. Maribel yuko hospitalini. Ivo Canepa wa ghorofa ya nne yuko kwenye usukani wa basi. Dada wawili Bruzzone, Tecla na Nives, wa ghorofa ya tatu, wanaoka mikate, saa hiyo wamelala fofofo. Nani anakuja? Amedeo Traverso wa chini, mstaafu wa bandarini, ambaye lifti haimhusu. Tena ingechimbwa palepale chini ya ngazi anapoweka madumu yake ya mvinyo. Yeye hukosi kumkuta, mstari wa mbele, na koti na kofia.

"Ngazi ni mazoezi," husema. "Huko juu mnaishi miaka mingi kwa sababu ya ngazi."

Basi nikaanza kujifunza ile mashine. Wiki ya kwanza ilinitesa. Kahawa ilitoka mara chungu kama dawa, mara nyepesi kama maji ya kuoshea chungu. Nikisaga nene, maji yanapita mbio. Nikisaga laini mno, mashine inaguna na haitoi tone. Nikawa nabadilisha kidogo tu kila siku, kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama unavyotafuta chumvi ya mchuzi. Saa ya kuhesabia sekunde sikuwa nayo, nikatumia Salamu Maria: ikiisha ya pili, zilizosemwa bila haraka, kikombe kiwe kimetosha. Siku ya kumi na saba ilishuka nyembamba kama uzi wa asali, na juu ikaweka povu la hudhurungi ambalo sukari ilikaa kwanza, ikafikiri, ndipo ikazama.

Nikamwita Maribel. Akanywa, akafumba macho.

"Bibi," akasema, "Ilde asijue."

Alikuja kesho yake, na keshokutwa akaja na Ivo, maana Ivo alikuwa amesikia harufu kwenye ngazi akafikiri anaota. Siku za zamu ya asubuhi Ivo hutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kabla Ilde hajafungua, na alikuwa amezoea kuendesha watu nusu ya Genova na tumbo tupu. Tecla na Nives wakaanza kupitia kwangu saa tatu asubuhi wakitoka kazini, na kipande cha mkate wa mafuta kwenye karatasi. Kufika Juni, nilikuwa na watu saba au wanane kwa siku. Pesa sikuchukua, walileta pakiti ya kahawa, sukari, maganda ya limau kwa ajili ya keki yangu. Na kila mmoja akifika mlangoni, kabla ya salamu, alisema neno lilelile: "Mungu wangu, ngazi hizi!" Mimi niliwamiminia tu.

Septemba nikampigia Risso, msimamizi wa jengo, nikamwomba aiweke tena lifti kwenye mkutano wa Oktoba.

"Bi Delfina, utachoka lini?"

"Nikifika chini. Na sikia, ukumbi wa parokia mnaulipia euro arobaini. Fanyeni kwangu. Bure, na kahawa juu yangu."

Watu wa Genova, wabahili walivyo, hapo huna haja ya kuwashawishi. Neno *bure* lilimaliza kazi. Barua za mwito zikatoka, moja kwa kila mwenye nyumba, Traverso naye kama wengine.

Maribel aliisoma yake mezani kwangu, mbele ya Ivo na akina Bruzzone.

"Hebu niambieni. Hapa imeandikwa mwito wa kwanza, Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Mwito wa pili, Ijumaa saa tatu usiku. Huu wa asubuhi ni nini?"

Wote wakacheka. Nives alicheka mpaka kahawa ikampalia.

"Huo ni wa karatasini tu, mwenzangu," Tecla akamwambia. "Mwito wa kwanza unataka watu wengi sana, theluthi mbili ya jengo. Kwa hiyo huwekwa saa ambayo hakuna mtu. Wa pili ndio wa kweli, hauhitaji wengi."

"Kwa nini uwekwe saa ambayo hakuna mtu?"

"Ndiyo desturi."

"Na watu wakija?"

"Hawaji."

"Naelewa hawaji. Nauliza, wakija?"

Tukatazamana. Miaka hamsini na moja nimekaa jengo lile, barua hizo nimezipata sijui ngapi, na sijawahi kujiuliza swali hilo. Ivo akaweka kikombe chini taratibu.

"Mimi saa kumi na mbili niko hapa," akasema.

"Mimi zamu inaanza saa moja na nusu," akasema Maribel.

"Sisi tunaweza kutoka kiwandani nusu saa," akasema Nives, "kama mikate imeshaingia tanurini."

Tukampigia Risso. Alicheka naye. "Kisheria ni mkutano kamili," akasema, "lakini akidi ni sehemu mia sita sitini na saba. Na mimi siji saa hizo, hata mkinipikia ng'ombe."

"Usije," nikamwambia. "Lala salama."

Wiki tatu Ivo na Maribel walibisha milango. Kila waliyemkuta walimwambia: Alhamisi, saa kumi na mbili, ghorofa ya tano, kuna kahawa. Kwa Traverso hawakubisha. Barua alikuwa nayo, na macho anayo.

Alhamisi hiyo niliamka saa kumi. Mvua ilikuwa inapiga vioo, giza totoro, na nilijiambia hakuna atakayekuja. Nikavaa gauni zuri, nikapanga vikombe kumi na viwili, nikaweka mkate wa mafuta kwenye oveni upate joto. Saa kumi na mbili kasoro tano nikasikia miguu. Mmoja, wawili, kisha ngazi nzima ikalia kama inateremshiwa mchanga. Wakaingia wamelowa, Ivo na sare yake ya basi, Maribel na koti juu ya nguo za hospitali, Tecla na Nives weupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, bwana wa ghorofa ya kwanza kushoto na pajama chini ya koti la mvua. Tecla akachaguliwa kuandika, Ivo kuongoza. Akaita majina, akajumlisha sehemu kwa kalamu ya risasi, akajumlisha tena.

"Mia sita na kumi na mbili," akasema.

Zilipungua hamsini na tano. Wale wa ghorofa ya kwanza kulia walikuwa wameahidi. Maribel akawapigia simu, mtoto alikuwa na homa, wamempeleka hospitali tangu usiku. Hao walikuwa na sehemu sabini.

"Tusubiri?" Nives akauliza.

"Basi langu halisubiri," Ivo akasema kwa huzuni. "Robo saa, basi."

Nikaliona mawazoni gari la Ornella limeegeshwa pale chini na boneti yake ya kijivu. Lakini watu walikuwa wamepanda ngazi mia moja na nne alfajiri kwa ajili yangu, na hata kikombe sijawapa.

"Kunyweni kwanza," nikasema. "Akidi haitaongezeka kwa kuniangalia."

Nikawasha mashine. Na mimi, niliyeishi na umeme wa kilowati tatu maisha yangu yote, mimi ninayejua tangu ujana kwamba oveni haiwashwi pamoja na mashine ya kufulia, nilisahau oveni. Tak! Nyumba nzima giza.

"Loh, Delfina!" Tecla akapiga kelele. "Siwezi hata kuona niandike tumeshindwa!"

Mita za umeme za jengo letu ziko chini kabisa, kwenye kabati la chuma mlangoni, ukuta mmoja na chumba cha kulala cha Traverso. Ivo akashuka na tochi ya simu. Tulimsikia akiteremka, tukasikia kabati likigoma kufunguka, akalivuta, akalipiga teke. Lilitoa mlio ambao nadhani bandari nzima iliusikia. Taa zikarudi, tukapiga makofi. Nikazima oveni, nikaanza kukamua kahawa, viwili viwili, nikisoma Salamu Maria zangu kimoyomoyo.

Ivo aliporudi alikuwa anatweta. Lakini nyuma yake kulikuwa na kutweta kwingine, kuzito zaidi, kunakopanda kwa kusimama na kuguna. Kisha mlangoni akatokea Amedeo Traverso, gauni la kulalia la milia, ndara, nywele zimesimama, uso mwekundu kama nyanya.

"Nani… nani amevunja… kabati? Mnafanya nini hapa?"

"Mkutano," nikamwambia.

"Mkutano gani?"

"Mwito wa kwanza. Barua umepata."

"Mwito wa kwanza!" Akashika fremu ya mlango. "Mwito wa kwanza hauendwi! Miaka arobaini hapajawahi kuja mtu! Huo si mkutano, huo ni… ni karatasi!"

Tecla hakuinua kichwa. Kalamu yake ilikuwa tayari.

"Jina?"

"Jina langu unalijua, Tecla, nilimsimamia mpwa wako ubatizo!"

"Jina, kwa kumbukumbu."

"Amedeo Traverso! Nyumba ya chini na stoo! Sehemu themanini na nane, na zote zinapinga! Andika hivyo!"

"Naandika," akasema Tecla. "Yupo. Saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa."

Nikasikia mashine ikidondosha. Ivo alikuwa anajumlisha, midomo ikicheza. Akajumlisha mara tatu, maskini, hakuamini kalamu yake.

"Mia saba," akasema. "Jamani, mia saba kamili. Akidi imetimia. Nafungua mkutano."

Nives akapiga yowe akamkumbatia bwana wa pajama, wakachafuana unga. Traverso alitutazama mmoja mmoja. Niliona kwenye macho yake hesabu ikifika, polepole, kama yeye alivyofika.

"Naondoka," akasema. "Sikuwepo."

"Ulikuwepo," akasema Maribel, "na bado upo, na usiondoke, maana rangi hiyo ya uso siipendi. Kaa." Akamshika mkono wa gauni, akampima mapigo ya moyo kama vile yuko wodini. "Mia moja thelathini na nane. Kaa, mzee."

Nikampa kiti cha Nicolò, chenye mikono. Nikampa maji, kisha kahawa, ile iliyotoka vizuri kuliko zote asubuhi ile. Alikaa na kikombe mkononi bila kunywa, kifua kikipanda na kushuka.

"Delfina," akasema baadaye, kwa sauti ndogo, "hizi ngazi wewe unazipanda kila siku?"

"Sizipandi. Ndiyo sababu tuko hapa."

Akanywa. Akaangalia ndani ya kikombe. Akanywa iliyobaki.

Ivo akauliza wanaokubali lifti. Mikono ikanyooka, wangu wa kwanza. Nilinyoosha mpaka bega likalia. Tecla akahesabu. Akauliza wanaopinga.

"Mimi napinga," akasema Traverso. "Kwa ajili ya madumu yangu. Nimesema napinga, siwezi kugeuka mbele ya watu." Halafu akanyoosha kikombe kitupu upande wangu. "Lakini niongezee hiyo."

"Madumu utaweka stoo kwangu," Ivo akasema. "Mimi sinywi, sitakuibia."

"Utakunywa ukiyaona," akajibu, na hapo ndipo kila mtu akacheka, na yeye pia.

Mia sita na kumi na mbili kwa themanini na nane. Kila mmoja akasaini, karatasi ikabaki na unga na doa moja la kahawa. Saa kumi na mbili na nusu Ivo alikimbilia basi lake, Maribel hospitalini, dada wawili kwenye mikate yao, nikasikia sauti zao zikishuka zikicheka ghorofa baada ya ghorofa. Traverso alibaki mpaka saa mbili, kwa amri ya Maribel. Alikula mkate wote.

Saa mbili na nusu nikampigia Ornella.

"Imepita," nikamwambia.

"Nini imepita? Mkutano si kesho usiku?"

"Kesho usiku hakuna mkutano. Tumeshamaliza."

Nikamweleza, oveni, kabati, ndara na yote. Akaanza kucheka, cheko la upande wa baba yake linaloanzia puani, akacheka mpaka akalia.

"Kwa hiyo Traverso ndiye aliyeipitisha?"

"Ameipinga. Lakini kaipinga akiwa amekaa kwangu."

"Mama," akasema akijifuta, "hiyo mashine ni ya bei gani vile?"

"Mia tisa, na ya kusagia."

"Bei rahisi," akasema binti yangu. "Kabisa."

Mafundi walianza Machi, wakapiga nyundo majira yote ya machipuo, vumbi likaingia mpaka kwenye sukari. Mimi ndiye ninayelipa zaidi kuliko wote, maana niko juu. Nalipa kidogo kidogo kila mwezi, na sinung'uniki, jambo ambalo kwa mtu wa Genova ni muujiza. Lifti ni nyembamba, inabeba watu watatu wakibana pumzi. Siku ya kuzinduliwa, tarehe kumi na moja Juni, nilivaa viatu vya kutokea, nikachukua kikapu, nikabonyeza kitufe. Milango ikafunguka, na ndani amesimama Traverso, ameshapanda.

"Nilikuja kunywa kahawa," akasema.

"Kahawa baadaye. Sogea."

Tukashuka pamoja, bega kwa bega, tukiangalia namba zikipungua. Chini akanifungulia mlango mkubwa. Jua lilikuwa kali, barabara imejaa, na watu waliniita kwa jina kutoka upande wa pili. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mboga, nikaomba nusu kilo ya maharage mabichi, nikaweka kikapu chini, nikaanza kuyachagua mwenyewe, moja baada ya jingine, bila haraka hata kidogo, mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kulalamika.